Dini, uchawi au uasi? Namna wakoloni walivyoandika imani za Masisi na Walikale

MWESO – Tarehe 26 Mei 1906, serikali ya Mfalme Leopold wa Pili na Kiti Kitakatifu cha Roma zilitia sahihi mkataba juu ya misheni za Kongo. Wanaosimulia historia hiyo hukumbuka zaidi mambo mawili: misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila moja, nazo zikakubali kufungua shule. Lakini ndani ya mkataba huo kuna sharti la tatu ambalo halisemwi sana. Wamisionari waliahidi kufanya kazi za uchunguzi kwa ajili ya serikali, kila mmoja kadiri ya ujuzi wake, na kulipwa kwa kazi hiyo: kuchora ramani, kusoma lugha, na kuandika desturi za wenyeji.

Maana yake ni kwamba padri aliyefika kijijini kuhubiri alikuwa pia, kwa karatasi iliyotiwa sahihi, mtu wa kuandika habari za wanakijiji. Alichoandika juu ya mizimu ya wazee kilisomwa na askofu, na kingeweza pia kufika mezani kwa mtawala. Kuanzia hapo ndipo inafaa kuanza hadithi ya namna imani za watu wa huku zilivyopewa majina, na nani aliumia kwa sababu ya majina hayo.

Ni hadithi inayowahusu hata wanaoishi leo chini ya maturubai. Mtu akihama na familia yake kutoka Walikale au kutoka milima ya Bashali, hubeba sufuria, blanketi na watoto. Watoto wakiuliza babu zao walikuwa wanaamini nini, jibu la haraka ni neno moja: upagani. Neno hilo halikuzaliwa Masisi. Lililetwa.

Kabla ya Mbelgiji kulikuwa na kulinganisha kwingine. Wafanyabiashara wa Pwani, watu wa Tippu Tip na wenzake, walifika Maniema na pande za Lowa katika karne ya 19, na lugha yao ya Kiswahili ilikuja na mizani yake. Waliojiunga nao na kuvaa kanzu waliitwa waungwana. Waliobaki porini waliitwa washenzi. Neno dini lenyewe ni la Kiarabu, na aliyelitumia kwanza huku alikuwa na maana wazi kichwani: dini ina kitabu, ina sala zenye saa, ina mwalimu. Kisicho na hayo si dini. Wabelgiji waliwafukuza waarabu kwa bunduki, lakini mizani hiyo waliikuta imekwisha tundikwa, wakaitumia wenyewe.

Jambo hili halikutokea Kongo peke yake. Mtaalamu David Chidester, aliyefundisha Cape Town, alitoa kitabu mwaka 1996 kinachoonyesha jinsi elimu ya kulinganisha dini ilivyokua kusini mwa Afrika pamoja na mipaka ya ukoloni. Alichokiona ni hiki. Wakati wazungu walipokuwa bado wanapigania ardhi na watu, walisema mara kwa mara kwamba watu hao hawana dini yoyote. Walipokwisha kuwashinda na kuwaweka chini ya utawala, ghafla waligundua kwamba watu haohao wana dini, tena yenye mpango mzuri, inayoweza kuandikwa kitabuni na kuwekwa kando ya nyingine. Asiye na dini anaweza kunyang'anywa. Mwenye dini iliyoandikwa anaweza kuhesabiwa na kutawaliwa. Kwa vyovyote aliyeshika kalamu ni yuleyule.

Kwa upande wa Kongo, kazi ya kuandika ilipangwa Bruxelles. Kuanzia mwaka 1907, Cyrille Van Overbergh alitoa mfululizo wa vitabu, kitabu kimoja kwa kila kabila, na vyote vikifuata mpango mmoja wa maswali: chakula, ndoa, vita, imani. Mwaka 1909 ilikuwa zamu ya Warega, majirani wa kusini wa Walikale. Aliyeandika hakuwa padri wala mwalimu. Alikuwa Kamanda Delhaise, ofisa wa jeshi. Mtu wa bunduki ndiye aliyeulizwa: hawa wanaamini nini?

Na ule mpango wa kitabu kimoja kwa kabila moja uliacha alama kubwa kuliko majibu yenyewe. Ulifundisha kwamba kila kabila lina dini yake, ndani ya mpaka wake, kama faili ndani ya droo. Jambo hilo litarudi mbele.

Ugumu wa kwanza ulikuwa swali lenyewe. Mwandishi wa Uganda Okot p'Bitek, katika kitabu chake juu ya dini za Afrika na wataalamu wa Magharibi, anasimulia habari ya Waacholi ambayo ingefaa kusomwa katika kila shule. Mwaka 1911, mapadri wa Italia waliwauliza wazee: nani aliwaumba? Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ya wale mapadri. Basi swali likafasiriwa: nani aliwafinyanga, kama chungu? Wazee wakasema hawajui, mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri wakasisitiza. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna mzimu unaokunja mgongo wa mtu mpaka anakuwa na kibyongo, unaitwa Rubanga. Mapadri wakafurahi, wakaandika: Mungu wa Waacholi ni Rubanga. Tangu siku hiyo watu wakafundishwa kusali kwa jina la ugonjwa wa mgongo.

Huku maziwa makuu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nchini Rwanda jina Imana lilikuwa linajulikana na kila mtu, nalo liko hata katika majina ya watoto. Hata hivyo, Mapadri Weupe kwa miaka mingi waliona heri kuleta neno la Kiswahili, Mungu, wakihofu kwamba Imana limefungamana mno na mambo ya kale. Waprotestanti wao walilitumia Imana. Kwa hiyo familia zilizoletwa Masisi na Wabelgiji kutoka Rwanda, kuanzia mwaka 1937, zilikuja na Imana wa nyumbani na Mungu wa katekisimu. Wanyanga wa Walikale walikuwa na Ongo. Wanande wa kaskazini walikuwa na Nyamuhanga. Mapadri walipochagua jina moja na kuacha jingine, hawakuwa wanafasiri tu. Walikuwa wanaamua nani kati ya hao ni Mungu na nani ni mzimu.

Lakini kuchagua jina la Mungu hakukumfunga mtu gerezani. Majina mengine yalifunga.

Chukua Nyabingi. Katika nchi ya Ndorwa, kati ya Rwanda na Kigezi, watu walimheshimu mzimu wa mwanamke huyo, na waliomsemea waliponya, walipokea zawadi na kuongoza watu. Muhumuza, mwanamke mmoja kati yao, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuwekwa Kampala mpaka alipokufa mwaka 1945. Ndochibiri, ambaye mienendo yake ilivuka mpaka wa Kongo pande za Rutshuru, aliuawa mwaka 1919. Kuna karatasi moja ya kustaajabisha juu ya jambo hilo. Mwaka 1928, J. E. T. Philipps, ofisa wa Kiingereza aliyetumikia Kigezi, alichapisha makala katika gazeti la wakoloni wa Ubelgiji. Katika kichwa cha makala aliiita Nyabingi chama cha siri kinachopinga wazungu, akataja na Kivu. Hakusema ni dini, wala hakusema ni maombi ya wagonjwa. Alisema ni chama cha siri. Ukishakiita hivyo, anayekwenda kukishughulikia ni polisi.

Warega waliona hivyohivyo kwa Bwami. Bwami ni chama cha ngazi nyingi ambamo mtu na mke wake hupanda kidogokidogo, kwa malipo, mafundisho, nyimbo, methali na vinyago vidogo vya pembe na mti. Kilifundisha adabu, kilipatanisha koo, kilizika wakubwa. Je, ni dini? Ni shule? Ni serikali? Mrega asingeuliza swali hilo, maana kwake vyote vilikuwa kitu kimoja. Wabelgiji waliuliza, hawakupata droo ya kukitia, na mwaka 1948 wakakipiga marufuku. Vinyago, hata hivyo, havikupigwa marufuku. Vilipanda meli. Leo ukitaka kuona kazi nzuri za Bwami, nyingi ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Bruxelles. Kilichokuwa hatari mikononi mwa wazee kiligeuka kuwa sanaa nyuma ya kioo.

Habari inayowagusa zaidi watu wa Masisi na Walikale ni ya mwaka 1944.

Ilikuwa wakati wa vita kuu. Japani ilikuwa imeteka nchi za Asia zilizotoa mpira, na Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani. Kongo ikaambiwa itoe. Siku za kazi za shurti, zilizokuwa 60 kwa mwaka, zilipandishwa mpaka 120. Watu walirudishwa porini kutafuta mpira wa mwitu, kazi ambayo wazee waliikumbuka kwa hofu tangu enzi za Leopold. Wengine walipelekwa kwenye migodi, wengine kwenye barabara. Aliyekataa alikutana na fimbo au gereza.

Katika hali hiyo yalifika mafundisho ya Kitawala. Jina lenyewe linatokana na Watch Tower, Mnara wa Mlinzi, shirika la wasomaji wa Biblia lililoanzishwa na Mmarekani Charles Taze Russell. Mafundisho yake yaliingia Afrika ya kati kupitia Nyasaland, ambako Elliot Kamwana alihubiri na kubatiza maelfu mnamo 1908 na 1909. Kutoka huko yalipita Rhodesia mpaka Katanga. Njiani yalibadilika. Waafrika waliyachukua, wakayasoma kwa macho yao, na mengi waliyoyasema hayakuwa tena ya Wamarekani. Walisema Mungu hakuweka mzungu juu ya mweusi. Walisema kodi na kazi za shurti zina mwisho wake. Walisema watu waache uchawi na kutupa dawa.

Wabelgiji waliwakamata wahubiri wa Katanga na kuwahamishia mikoa mingine, mbali na kwao, wakidhani wanauzima moto. Kumbe walikuwa wanagawa makaa. Kila aliyehamishwa alifika mahali papya na mdomo wake.

Pande za Lubutu, ambayo leo iko Maniema, na Masisi ya wakati ule, mhubiri mmoja Mkumu, Bushiri Lungundu, alipata wafuasi wengi. Alijiita Mulamozi wa Yesu. Mwanzoni mwa 1944 mahubiri yakageuka kuwa maasi. Mtafiti Maurice Lovens, aliyeandika juu ya tukio hilo mwaka 1974, anaupanga uasi wa Masisi-Lubutu kati ya Januari na Mei mwaka huo. Watu waliacha kazi za serikali, wakawainukia wakubwa na machifu waliowatumikia wazungu. Jeshi la Force Publique lilitumwa, na uasi ukazimwa kwa bunduki. Waliokufa wengi walikuwa wanakijiji Wakongo. Waliokamatwa walipelekwa mbali na nyumbani.

Msikilizaji anaweza kuuliza: hili linahusu nini elimu ya kulinganisha dini? Linahusu sana. Baada ya damu kumwagika, serikali ilitaka maelezo, na katika ripoti kulikuwa na maneno mawili tayari. La kwanza, sekta, yaani kundi lililopotoka kutoka dini ya kweli. La pili, ushabiki wa watu wasioelimika. Ukisema watu wameasi kwa sababu ya sekta, huna haja ya kuuliza juu ya siku 120. Huna haja ya kuuliza juu ya mpira. Tatizo linakuwa ndani ya vichwa vya Wakumu, si ndani ya sheria za Bruxelles. Ndiyo maana si haki kusema kwamba majina hayo yalikuwa makosa ya watu wasioelewa. Baadhi yao walielewa vizuri.

Tena haitoshi kugeuza jina na kusema Kitawala kilikuwa siasa tu, kama wanavyofanya wasomi wengine wa baada ya uhuru wanaotaka kuwaheshimu wafuasi wake. Waliosali porini mwaka 1944 walisali kweli. Walimngoja Yesu kweli. Kuwaondolea sala ili wabaki na siasa ni kuwaandika upya kwa kalamu nyingine.

Ulinganifu wa karibu uko kwa Simon Kimbangu. Yeye alihubiri Nkamba, Bas-Congo, kwa miezi michache tu mwaka 1921. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo. Mfalme Albert aligeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akakaa gerezani Élisabethville miaka 30 mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake nao walihamishwa kwa nguvu, wakaitwa sekta. Kisha, tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru, serikali ileile ikalitambua Kanisa lao. Mwaka 1969 likaingia katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kilichokuwa kimebadilika zaidi ni hesabu za Wabelgiji, si sala za watu. Kitawala hakikupata bahati hiyo. Bado kina waumini, na bado watu wengi wanakitaja kwa sauti ya chini.

Mwaka mmoja baada ya uasi wa Masisi-Lubutu, Élisabethville ilitoa kitabu kilichopata umaarufu duniani. Placide Tempels, padri Mfransisko aliyekaa Katanga, aliandika kwamba Wabantu wana falsafa kamili, na kwamba msingi wake ni nguvu ya uhai. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Askofu wa Katanga, Jean-Félix de Hemptinne, hakulipenda hata kidogo, na Tempels alikaa Ubelgiji miaka kadhaa kabla ya kurudi. Waafrika wengi walikipokea kitabu kwa shukrani, maana mzungu alikuwa amekubali kwamba wanafikiri.

Lakini Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, hakupendezwa. Mwaka 1950 aliandika kwa kejeli kali kwamba kitabu hicho kinawapa watu wa Kongo heshima kwa falsafa yao mahali pa kuwapa mshahara na chakula. Ukiweka tarehe kando kwa kando, maneno yake yanachoma. 1944, Mkumu anasema kwa vitendo kwamba hataki kazi ya shurti. 1945, kitabu kinasema Mbantu ana mpango wa ulimwengu ambamo kila nguvu ina ngazi yake, na mzungu naye yuko ndani ya ngazi hizo, juu. Tempels hakuwa mtu mbaya. Ila aliyekuwa amelala mahabusu kwa ajili ya mpira angekuwa na maswali kwake.

Mambo yalikuwa tofauti kidogo Walikale katika miaka ya 1950. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, alikuwa amekaa kwanza na Warega, kisha akaja kwa Wanyanga. Mwaka 1956 alikutana na Candi Rureke, mzee msimuliaji. Kwa siku 12 Rureke aliimba, alicheza na kusimulia habari za Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, chifu wa Tubondo. Hakuwahi kabla ya hapo kuisimulia yote mfululizo namna hiyo. Kwa desturi kilisimuliwa kipande jioni moja, kipande jioni nyingine. Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga waliandika neno kwa neno, na sauti ikaanza kumkauka mzee.

Katika hadithi hiyo dini haikukaa katika sura yake peke yake. Mwindo anashuka chini ya ardhi kwa Muisa. Anacheza kamari na Sheburungu na kushinda. Anamuua joka, na Nkuba, mwenye radi, ambaye ni rafiki wa joka, anampandisha juu mbinguni kumwadhibu kwa baridi na jua na mvua, mpaka shujaa anajifunza unyenyekevu. Msimuliaji naye hajichagui. Wanyanga walisema ni mzimu Karisi unaomtaka mtu ajifunze utenzi, na utenzi wenyewe unaitwa karisi. Basi je, Rureke alikuwa msanii, kuhani au mwanahistoria? Maswali ya Bruxelles ya 1907 yasingempatia mstari wa kujaza.

Kitabu kilitoka California mwaka 1969, na juu ya jalada yako majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene. Mateene alikuwa Mnyanga mwenyewe, mtaalamu wa lugha, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Hapo kalamu ilianza kubadilisha mkono. Wakati huohuo, padri Vincent Mulago, mtu wa Bushi, Kivu ya Kusini, alikuwa Kinshasa katika chuo kikuu cha Lovanium, ambako kilianzishwa kituo cha kusoma dini za Kiafrika. Jarida lake lilianza kutoka mwaka 1967. Mulago aliuliza swali ambalo Delhaise hakuweza kuuliza: mimi niliyezaliwa ndani ya mambo haya, nayaelezaje bila kuyafanya yafanane kwa nguvu na Ukristo, na bila kuyatupa?

Serikali ya uhuru haikumsubiri amalize. Sheria ya mwisho wa mwaka 1971, chini ya Mobutu, ilitambua Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo la Waprotestanti na Kanisa la Kimbangu. Mobutu aliyehubiri urudi wa asili, aliyewanyima watu majina ya kizungu, hakuweka mahali pa mizimu ya wazee katika orodha. Droo za Wabelgiji zilibaki, ila funguo zilibadilisha mfuko.

Sasa turudi kwenye ile desturi ya kitabu kimoja kwa kabila moja, maana hapo ndipo Masisi inapoumia mpaka leo. Wanyanga wanamtaja Nyamurairi, mkubwa wa mizimu, mwenye moto. Jina hilo liko karibu sana na Nyamulagira, mlima unaowaka unaoonekana usiku kutoka mbali. Wanyarwanda wa kale waliofuata Ryangombe walisema waliopokelewa katika ibada yake huenda Karisimbi baada ya kufa, na wasiopokelewa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Nyabingi alivuka mipaka mitatu bila pasi. Kitawala kilitoka Amerika, kikapita kwa Wanyasa, kikafika kwa Wakumu. Watu hawa wote walitazama milima ileile na kuogopa moto uleule. Wauguzi wa kienyeji wa kabila moja walitafutwa na wagonjwa wa kabila jingine, na hakuna aliyeuliza kitambulisho. Lakini katika vitabu kuna dini ya Wanyanga, dini ya Warega, dini ya Wanyarwanda, kila moja na ukurasa wake na mpaka wake. Mwenye kutaka kusema kwamba jirani ni mgeni kabisa, asiye na lolote la pamoja naye, amekuta kazi imekwisha fanywa.

Kuna jambo moja la Wanyanga ambalo Biebuyck aliliandika, na ambalo vita vya miaka hii vimelipa uzito mpya. Mzimu kwao haukuheshimiwa kwa maneno tu. Ulitengewa vitu: kibanda kidogo karibu na nyumba, kondoo, na shamba la migomba. Migomba ile ilikuwa ya mzimu, na ukoo uliitunza kizazi kwa kizazi.

Mkatoliki akikimbia hubeba rozari. Mprotestanti hubeba Biblia, Muislamu ana mkeka wake na anajua Kibla kiko wapi hata akiwa Mugunga. Shamba la migomba halibebeki. Likiachwa miezi sita, nyasi hulimeza; likikatwa na watu wenye silaha, limekwisha. Wanapokuja watu wa mashirika kuandika hasara, huandika nyumba, ng'ombe, mbuzi, hekta za maharage. Kibanda cha mzimu hakina mstari kwenye fomu, na wenyewe wengi, baada ya miaka mia ya kuambiwa kwamba kile ni upagani, wanaona haya kukitaja. Kwenye fomu shamba lile linaandikwa migomba, pamoja na mingine, na idadi yake.